Nyumba Iliyozungumza kwa Mikono

Mtu aliyefika kwa mara ya kwanza kwenye mashine ya kusaga ya Mzee Kelele alidhani amewakuta watu waliogombana. Baba alisimama juu ya ngazi fupi akimimina mahindi kwenye mdomo wa mashine, mwanawe mkubwa alibeba magunia, mama alishika mfuko pale unapotokea unga, na hakuna aliyemsemesha mwenzake. Mota ilinguruma, mkanda ulivuma kwenye puli zake, mabati ya paa yalitetemeka, na vumbi jeupe liliwakaa kwenye kope mpaka wote wakafanana na wazee. Jina la Mzee Kelele lilitoka kwa wateja, nalo lilikuwa la mzaha, kwa sababu kelele yote ilikuwa ya mashine. Mwenyewe aliweza kumaliza juma zima bila kutoa sentensi iliyozidi pumzi moja.

Mkewe alijulikana kama Mama Pumba, kwa kuwa ndiye aliyewauzia wafuga kuku pumba zilizobaki. Hakuchukia jina hilo. "Afadhali pumba," aliwaambia waliomtania. "Unga ukishaliwa ndiyo basi. Pumba zinageuka mayai."

Alipenda kusema kwamba hakuolewa na mtu bali na mashine, maana nyumba yao ilishikana nayo ukuta kwa ukuta. Siku zake za kwanza pale alipaza sauti mpaka ikamkauka. Mama mkwe wake, ambaye sasa ni marehemu, alimshika mkono akamtoa nje. "Mwanangu, humu ndani mdomo ni wa kulia tu," alimwambia. "Kazi ina lugha yake." Kisha akamfundisha. Kiganja kinachotazama chini ni kupunguza. Kidole kinachozungushwa ni kuendelea. Vidole viwili ni kukoboa kwanza ndipo usage. Makofi mawili kwenye debe ni kuitwa. Ngumi iliyofungwa ni kusimama na kunyamaza, usifanye lolote mpaka uambiwe.

Lugha hiyo ilikuwa nyepesi na haikuwahi kumkosesha kazi mtu. Taratibu ilivuka ukuta ikaingia nyumbani. Mezani mwenye kutaka maji aliinua kidole, na maji yakamfikia. Watoto walijua kuonyesha kabla hawajajua kusema. Jirani mmoja aliyekuja kuazima ungo alikaa nao kidogo, akainuka akasema, "Jamani, nyumba yenu hii mbona kama kuna msiba?" Mama Pumba alicheka. "Sisi tumeongea mchana kutwa, jirani. Hukusikia tu."

Hivyo ndivyo walivyoishi. Yeye, mumewe, kijana wao aliyeitwa Gunia kwa sababu ya mabega yake, na binti wa darasa la nne waliyemwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi.

Ilikuwa likizo ya shule mkono wa Kitinda ulipoingia kwenye mkanda. Asubuhi baba yake alikuwa ameukaza mkanda, na ili asihangaike kufungua tena, aliliacha bati la kuufunika limeegemea ukutani. Wateja walikuwa wengi. Kitinda alisimama karibu na mizani. Baba alipiga debe mara mbili, akamwonyesha kwa kidevu apite nyuma ya mashine akalete koleo la kuchotea. Mtoto hakwenda. Alisimama akamtazama baba yake. Mama Pumba, aliyekuwa ameshika mfuko, aliona jinsi alivyosimama, na akadhani ni uvivu wa likizo. Baba alipiga debe tena. Kitinda akapita nyuma, na mkanda ukadaka mkono wa sweta lake.

Gunia ndiye aliyewahi kuzima umeme. Mkono haukukatika, lakini ulivunjika na ngozi yake ikachubuka kutoka kiwiko hadi kiganja.

Hospitalini muuguzi aliuliza swali la kawaida kabisa: imekuwaje? Mzee Kelele alitazama sakafu. Ngumi yake ilikuwa imefungwa juu ya paja. Pengine haikuwa amri, pengine ilikuwa ni mkono wa mtu anayetetemeka, lakini Mama Pumba aliiona, na Gunia aliiona, na Kitinda pale kitandani aliiona. Wote wakanyamaza. Muuguzi aliuliza mara ya pili, akamgeukia mtoto, na mtoto akageuza uso ukutani. Jioni alikuja afisa wa ustawi wa jamii.

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na sauti hiyo ndiyo iliyomtisha Mama Pumba kuliko kama angefoka.

"Sikusema mmemuumiza," alisema afisa. "Nasema sijui. Na siwezi kumrudisha mtoto mahali nisipopajua."

Kwa hiyo Kitinda alipotoka hospitali alipelekwa kwa shangazi yake, dada wa Mzee Kelele. Shangazi alimpokea kwa moyo mweupe, lakini mumewe alikuwa amehamishwa kikazi na shule zikifunguliwa walikuwa wanaondoka. Kabla ya hapo familia ingeitwa ofisini, ipewe mambo ya kutatua pamoja, na afisa akae pembeni awaangalie wanavyoelewana. Wakionekana ni watu wanaoweza kuambiana jambo, mtoto angerudi. Wasipoonekana hivyo, angepelekwa kwenye makao ya watoto.

Tangu siku hiyo hofu ilihamia kwa Mama Pumba kama mgeni asiyeaga. Gari likipunguza mwendo barabarani, alitoka kuchungulia. Alipima mahindi ya mtu, akasahau, akapima tena. Mchana, wateja wakipungua, aliingia chumbani kwa Kitinda, akalikunjua blanketi lililokuwa limekunjwa vizuri, akalikunja upya, kisha akarudi mashineni bila kumwambia mtu alikuwa wapi. Mumewe alimwona akitoka.

Aliyekuja na dawa alikuwa shangazi. Huyu alikuwa mtu wa maneno. Katika chama cha akina mama cha mtaa wake alikuwa katibu kwa miaka mingi, na watu walisema hata usingizini anafungua kikao.

"Wifi, tatizo lenu mnakaa kama nguzo," alisema, akijifuta vumbi kwenye kiti kabla ya kukaa. "Yule mama anataka kusikia watu wanaongea. Basi ongeeni. Kaka, wewe unafungua. Unasema, 'Nawashukuru wote kwa kufika.'"

"Kufika wapi?" aliuliza Mzee Kelele.

"Hapo mezani."

"Si tutakuwa tumekuja na gari moja?"

"Kaka, usinibishie. Gunia, wewe unasema, 'Naomba kuchangia hoja.'"

"Shangazi, mimi nikisema hivyo nitacheka."

"Cheka, halafu mdogo wako akalale na watoto wa watu."

Gunia akaacha utani. Walifanya mazoezi pale pale kati ya magunia, mashine ikiwa imezimwa. Naunga mkono. Mimi kwa maoni yangu. Nakubaliana na aliyetangulia. Mama Pumba alirudia maneno hayo akifagia na akifua, kama mtu anayejifunza sala ya dini ngeni, na kila alipoteleza alianza upya. Nyumbani kwa shangazi, Kitinda naye alifundishwa sehemu yake.

Siku ilipofika walivaa nguo walizovaa kwenye harusi za watu. Ofisi ilikuwa ghorofani. Chumba chenyewe kilikuwa na meza ya mviringo, viti vinne, dirisha lenye vyuma, na pembeni kiti cha afisa. Shangazi alimleta Kitinda mpaka mlangoni, akaambiwa asubiri kwenye korido. Mtoto alikuwa amenenepa kidogo. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado kwenye plasta, umening'inizwa kwa kitambaa.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba," alisema kwa adabu, kama anayewasalimu wazazi wa rafiki yake. Mama Pumba aliitikia, na akaogopa kumgusa, asije akaonekana anafanya makusudi.

Afisa alimwaga mezani kadi zenye picha za vyombo vya nyumbani: kitanda, redio, sufuria, taa, sanduku, na vingine vingi. "Mnahamia nyumba ndogo," alisema. "Mnaweza kubeba vitu vitano tu. Chagueni pamoja. Mimi sipo." Akaenda kuketi pembeni.

Mzee Kelele alikohoa. "Nawashukuru wote kwa kufika."

"Naomba kuchangia hoja," alisema Gunia, akitazama meza. "Mimi kwa maoni yangu, kitanda."

"Naunga mkono," alisema Mama Pumba.

"Nakubaliana na aliyetangulia," alisema Kitinda.

Wakaendelea hivyo. Sufuria ikaungwa mkono. Taa ikaungwa mkono. Hakuna aliyekatiza, hakuna aliyepinga, na kadi tano zikapangika kabla chai ya afisa haijapoa. Moyoni Mama Pumba alianza kujipongeza. Kisha akamwona afisa akizitazama zile kadi kwa huzuni.

"Mmemaliza upesi," alisema afisa. "Nani alitaka kitu ambacho hakikuchaguliwa?"

Gunia alizinyoosha kadi ambazo tayari zilikuwa zimenyooka.

"Hakuna hata mmoja? Binti, wewe ulitaka nini?"

"Nakubaliana na aliyetangulia," alisema Kitinda kwa sauti ndogo.

"Nyumbani huwa mnaongea hivi?"

Mazoezi ya shangazi yalikuwa yameishia hapo. Mama Pumba aliona wazi, kama mtu anayeona ufa kwenye ukuta aliouegemea, kwamba maneno waliyoyakariri ndiyo yaliyokuwa yanamchukua mtoto.

Afisa aliziondoa kadi. "Basi tuache michezo," alisema. "Chukueni jambo la kweli. La nyumbani kwenu. Lenye kuwasumbua nyote. Lizungumzeni."

Jambo la kweli lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa limelala mezani ndani ya plasta. Mama Pumba alifungua kinywa. Hapo Mzee Kelele, ambaye uso wake ulikuwa umetulia kama maji ya mtungi, aliweka mkono wake pembeni mwa meza na kuufunga ngumi.

Mama Pumba alifunga kinywa. Gunia aliinamisha kichwa. Kitinda alijivuta nyuma kitini, mdomo umebanwa, na ghafla akawa yule yule wa hospitali.

"Huo mkono unasema nini, mzee?" aliuliza afisa.

"Hausemi kitu," alijibu Mzee Kelele.

Koridoni walisikika watu wakipita. Mama Pumba alimtazama mumewe. Hakuwahi kumkanusha mbele ya mtu, hata mbele ya mama mkwe. Alijua akisema, mumewe angeaibika, na huenda afisa akaona kwamba nyumba yao inaendeshwa kwa vitisho, na mtoto akachukuliwa hapo hapo. Alijua pia asiposema, mtoto ameshachukuliwa. Mbele shimo, nyuma shimo.

"Unasema," alisema, na sauti yake ikatoka kavu kama siku zile za kwanza mashineni, "unasema tunyamaze."

Mzee Kelele alimgeukia. Haikuwa hasira. Alikuwa kama mtu aliyevuliwa kofia na upepo mbele za watu. Ngumi yake ikafunguka yenyewe.

"Sisi tunafanya kazi kwenye kelele, afisa," Mama Pumba aliendelea kwa haraka, kabla woga haujamrudisha nyuma. "Mtu hasikiki. Kwa hiyo tunaonyesha. Tumezoea mpaka nyumbani. Siyo ubaya. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha, na mimi nimewafundisha hawa."

Afisa hakuandika. Alisogeza kiti chake karibu. "Nionyesheni."

Gunia ndiye aliyeanza, kwa aibu. Punguza. Endelea. Koboa kwanza. Njoo. Kitinda alimrekebisha kaka yake kwa mkono wa kushoto, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Hivyo siyo, kaka. Ukizungusha hivyo unaita nzi." Hata Mzee Kelele alilegeza mabega.

"Na kukataa?" aliuliza afisa. "Baba amesema endelea, na wewe binti hutaki. Unaonyeshaje?"

Kitinda aliinua mkono wake mzima. Ukabaki hewani. Akamtazama mama yake kama mwanafunzi anayeomba kusaidiwa jibu. Mama Pumba alitafuta kichwani, alama moja baada ya nyingine, zote alizopewa na mama mkwe wake miaka ile. Hazikuwa nyingi. Zote zilitoka juu ya ngazi kuja chini. Hakuna hata moja iliyopanda.

Alimwona tena Kitinda amesimama karibu na mizani, akimtazama baba yake, na yeye mwenyewe ameshika mfuko wa unga, akisema moyoni: uvivu.

"Mimi narudi kwenye kiti changu," alisema afisa. "Zungumzeni."

Mzee Kelele alijifuta viganja kwenye suruali yake ya harusi. Alipoanza, hakutazama mtu.

"Uliuona mkanda uko wazi?"

"Niliuona," alisema Kitinda.

"Kabla hujaenda?"

"Kabla."

"Sasa kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Ningekuambiaje, baba?"

Gunia aliweka uso wake katikati ya mikono. Mzee Kelele aliutazama ule mkono wenye plasta. "Mimi ndiye niliyeliacha lile bati," alisema hatimaye. "Hospitali niliona nikisema hivyo watakuchukua. Nikanyamaza, wakakuchukua kwa kunyamaza."

"Baba mimi nilizima umeme kwa kuchelewa," alisema Gunia ndani ya viganja vyake.

"Hukuchelewa."

"Nilichelewa. Nilikutazama wewe kwanza, nione kama unaruhusu."

Maneno hayo yaliwaogopesha wote, pamoja na aliyeyasema. Mama Pumba alitazama pembeni kuona kama afisa anaandika. Hakuwa anaandika. Hilo nalo likamtisha.

Mzee Kelele alimgeukia binti yake. Safari hii alimtazama usoni. "Unataka kurudi nyumbani?"

Kitinda hakujibu upesi. Mama Pumba alihisi mkono wake mwenyewe, chini ya meza, ukitaka kujizungusha: kubali, mwanangu, sema ndiyo, tuondoke. Kidole kilikuwa kimeshaanza. Alikikamata kwa mkono mwingine, akaitoa mikono yote miwili, akaiweka juu ya meza ikilala wazi, akasubiri. Hakuwahi kusubiri kitu kwa woga namna ile, hata uchungu wa kuzaa.

"Nataka," alisema Kitinda. "Lakini sitaki kuingia mashineni tena."

"Hata kuleta koleo?"

"Hata koleo."

"Na nikikuita?"

"Sitakuja."

Hakuinamisha macho. Mzee Kelele alivuta pumzi kama mtu anayejitwisha gunia. "Basi usije," alisema. "Nitashuka mwenyewe."

Afisa aliwatoa nje wakangoje. Kwenye korido shangazi aliwarukia. "Mlisema 'naunga mkono'?"

"Tulisema, shangazi," alijibu Gunia. "Nusura watufukuze."

Walikaa kwenye benchi lililoelekea mlango, na kila kitasa kilipolia, hata cha ofisi nyingine, Mama Pumba alishtuka. Afisa alipotoka, alisimama mbele yao na kuongea kwa ile sauti yake ya chini.

"Atarudi," alisema. "Msifurahi upesi. Shule zikifunguliwa mtamfuata kwa shangazi yake, na mimi nitakuwa nakuja bila taarifa. Sitakuja kuangalia mashine. Nitakuja kusikiliza. Siku nikikuta mtoto huyu anaogopa kusema, nitaondoka naye. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," alisema Mzee Kelele.

Walishuka ngazi. Baba na Gunia walitangulia pamoja na shangazi, ambaye alikuwa anadai aelezwe kila kitu tangu mwanzo. Mama Pumba alibaki nyuma na Kitinda, akikanyaga kila kidato polepole kwa ajili ya ule mkono. Alidhani hofu ingebaki mle chumbani. Ilikuwa imeshuka naye. Sasa kulikuwa na kitu cha kupoteza kila siku, si siku moja tu.

Aliona ni lazima aulize, na aliuliza kabla hajajizuia. "Kitinda, na mimi unaniogopa? Kama baba?"

"Hapana, mama."

Aliposhusha pumzi, mtoto akaongeza, "Wewe nakuona unaogopa. Nikikuambia kitu utaogopa zaidi. Ndiyo maana huwa sisemi."

Mama Pumba alishika ukuta. Alitaka kusema kwamba haogopi, na ungekuwa uongo wa kwanza wa maisha yao mapya. "Niambie hivyo hivyo," alisema. "Niogope nisiogope, wewe niambie."

Kitinda alimpima kwa macho, kama anayepima uzito wa mzigo kabla ya kumpa mtu.

"Mkono unaniuma," alisema. "Tangu asubuhi. Ndani ya plasta panawaka moto."

Hofu ilimpanda Mama Pumba. Aliketi palepale kwenye ngazi kwa nguo yake ya harusi, watu wakipita pembeni, akamkalisha mtoto kando yake.

"Wapi?" aliuliza. "Nieleze vizuri. Wapi hasa?"

Na Kitinda akaanza kueleza.